Marahaba Kutoka Warnemünde

Nilipofika Basotu kufundisha nilimkuta yupo, na jina lake nililisikia kabla sijamwona. Serikali ilikuwa imemleta kutunza samaki wa ziwa, basi watu wakamwita Bwana Samaki, na sidhani kama pale kijijini kulikuwa na mtu aliyelijua jina alilopewa na mama yake. Mimi ni mtoto wa Tlawi, kule juu kwenye baridi, na nimekulia katika nyumba ambayo samaki alikuwa picha ya kwenye kitabu cha kusomea. Sasa nikapangiwa nyumba ya serikali iliyopakana na yake, ua wa minyaa tu katikati, na moshi wa kukaushia perege ukawa unaingia kwangu asubuhi na jioni kama mpangaji. Wiki ya kwanza nilikwenda kulalamika. Nilirudi nimecheka mpaka mbavu zinauma, na sikulalamika tena.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake alilifunga vifungo vyote hadi kooni, jua liwake namna gani. Juu ya shati alivaa sweta la kijivu alilotoka nalo Ulaya, limetoboka viwiko vyote viwili. Ukimwambia, "Bwana Samaki, leo joto," anakujibu, "Mwalimu, aliyeonja baridi niliyoionja mimi havui sweta haraka." Alikuwa Mkerewe, mtu wa kisiwani, amekulia maji pande zote, na hakujua kuogelea. Ziwani alikaa katikati ya mtumbwi, kashika mbao za kulia na kushoto, macho kayafumba. Vijana wavuvi walikuwa wakimzungusha pale pale karibu na ukingo, kisha wanamwambia, "Fumbua, Bwana Samaki, tumerudi." Anafumbua, anawashukuru, anashuka. Nyavu alizikagua baadaye zikiwa zimeanikwa nchi kavu, na huko hakuna tundu lililompita. Alijua fika kwamba wanamzungusha. "Wao wanafurahi, mimi sizami," aliniambia. "Sasa hapo tugombane nini?"

Kilichomfanya ajulikane hadi Katesh ni safari yake. Kabla mimi sijafika, wizara ilimpeleka Ujerumani ya Mashariki kujifunza kukausha samaki kwa moshi. Alikaa huko mwaka mzima kasoro kidogo, katika mji unaoitwa Warnemünde, kwenye Bahari ya Baltiki, mji ambao upande mmoja ni bandari na meli, upande wa pili ni mchanga na watu waliokuja kupumzika. Yeye alilitamka Vanamunde, na sisi wote tukalitamka hivyo. Alirudi na sweta, na ujuzi wa moshi, na hadithi ambazo hazikuisha miaka yote niliyokaa naye. Kila hadithi aliifunga kwa maneno yale yale: "Sikuambiwa, nilikuwepo." Watoto wangu wa darasa la tatu walikuwa wakiyasema uwanjani wakigombania mpira.

Nani alimwamini? Karibu hakuna. Alisema kwamba huko watu hukaa ufukweni ndani ya matenga. Tenga tunalijua, ni la kubebea kuku. Yeye akasema hapana, tenga kubwa, limekatwa nusu, limesimamishwa, lina paa na kiti ndani, wanaingia watu wawili wanakaa bega kwa bega wakiupa kisogo upepo. Mengi, mamia, mchanga wote umejaa matenga. Wazee wakaulizana kwa nini watu wenye viwanda vya meli wakae kwenye matenga kama kuku. Alisema pia kwamba walimpa samaki mbichi, aliyelowekwa kwenye siki na vitunguu, akaambiwa ale, na yeye, Mkerewe mzima, akamkimbia samaki. "Siku ile ndiyo niliwaelewa ninyi," alituambia. Kwa sababu hiyo hakuwahi kumlazimisha mfugaji wala mtu wa Mbulu kama mimi kula samaki. Maofisa wenzake walihutubia mikutanoni kwamba samaki ni afya. Yeye alikausha perege wake, akala kwa raha zake, na aliyetaka kuonja aliomba mwenyewe.

Halafu kulikuwa na hadithi ya wazee. Hii hakuwahi kuimaliza, maana ilikuwa haimaliziki. Jumapili ya kwanza huko Vanamunde, alivaa suti, akapaka viatu rangi, akaenda kutembea ufukweni. Akapita watu waliovaa nguo, akapita waliovaa nusu nguo, akaendelea tu, maana kibao kilichosimikwa pale hakuweza kukisoma. Kustuka, yuko katikati ya wazee watupu. Kina babu, kina bibi, wametulia, wanapiga soga, wengine wanasoma magazeti. Na mbele yake kasimama fundi wake wa kiwandani, mzee mwenye mvi aliyekuwa akimfundisha moshi, mikono kiunoni, anatazama bahari, na hana hata kofia.

"Sasa Mwalimu," alikuwa akiniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana mtu wa maadili, "ungefanya nini? Kumpita mzee bila salamu, siwezi. Kumtazama, siwezi. Kukimbia, atajua nimemwona. Basi nikageuka. Nikautazama mji, nikampa mgongo, nikakunja goti kidogo, nikasema shikamoo."

Hapo ndipo hadithi ilipofia kila siku. Wanaume wanapiga mapaja kwa kicheko, wanawake wanachukua ndoo zao wanaondoka, na yeye kabaki na mkono hewani akisema, "Subirini, sijafika mwisho." Hakuna aliyesubiri.

Na ya mwisho ni ya maji. Alisema wakati wa baridi bahari ya Vanamunde ilisimama. Iliganda, ikawa nyeupe, watu wakatoka majumbani na watoto wao wakatembea juu yake. Yeye mwenyewe alipanda, akiwa amepiga magoti, kashikilia koti la yule fundi kwa nyuma, na watoto wa Kijerumani walimzunguka wakimcheka. Hii ndiyo iliyokaribia kumharibia maisha.

Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijijini. Watu waliondolewa kwenye maboma yao wakapangwa kwa mistari, kila nyumba na eka yake, na mashamba ya pamoja ya mahindi na maharage yakapimwa kwa kamba. Karibu na ziwa, kwenye uwanda unaotazama mlima Hanang, kulikuwa na mzee mmoja mfugaji, mtu wa shuka jeusi na fimbo ndefu, ambaye alikuwa amekubali kuhamia kijijini, ila ng'ombe wake walikuwa bado hawajakubali. Kila mchana aliwaleta ziwani kunywa maji. Binti yake mkubwa alikuja kwangu kwenye darasa la watu wazima, bangili za shaba mkononi hadi karibu na kiwiko, akashika chaki kama anashika kisu, na baada ya miezi michache alikuwa akisoma gazeti kwa sauti huku akilikosoa. Njia ya kutoka darasani kwenda kwao ilipita kwenye mapipa ya moshi ya Bwana Samaki. Aliziba pua akipita. Baadaye aliendelea kuziba pua, lakini akawa anasimama.

Bwana Samaki alianza kunawa. Ndivyo nilivyojua. Siku moja nikamwona uani kwake anajisugua mikono kwa majivu, halafu sabuni, halafu majani ya limau, halafu majivu tena. Nikamwuliza kupitia minyaa, "Unajichuna ngozi kwa sababu gani?" Akaniambia kwa unyenyekevu mkubwa, "Mwalimu, nimependa."

Mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu wangu walikwenda kumposea. Mzee aliwakaribisha, akawapa maziwa, akawasikiliza hadi mwisho. Tulidhani atakataa kwa sababu ya kabila, au kwa sababu ya samaki, maana kwao samaki hata kumgusa ni kinyaa. Wala. Alisema kabila la mtu si kosa lake, na harufu inaoshwa. "Ila huyu ni muongo," alisema. "Barafu ninaijua, nesi alinionyesha kwenye friji ya zahanati, ipo ndani ya sanduku. Yeye anasema bahari nzima. Mtu anayesema leo alitembea juu ya maji, kesho ataniambia ng'ombe niliompa amepotea mwenyewe. Binti yangu siwezi kumpa muongo." Akawaongezea maziwa, akawasindikiza vizuri hadi njiani.

Bwana Samaki alipoletewa jibu hakuonja chakula siku nzima. Nami nilishindwa kumcheka, na kwangu hilo si jambo dogo. Nilikwenda kwake nikamwambia, "Kwa nini usimwambie tu kwamba ulikuwa unatania? Uwaombe radhi wazee, mambo yaishe." Alinitazama kama nimemwambia aue mtu. "Mwalimu, nikisema nilitania, hapo ndipo nitakuwa nimeanza kusema uongo."

Binti mwenyewe alisema neno lake darasani, tukiwa tunafanya sentensi. Wanawake wenzake walikuwa wakimtania. Akaweka chaki chini. "Mimi nimesikiliza hadithi zake zote," alisema. "Muongo hujipa ushujaa. Huyu kila hadithi yeye ndiye anayechekwa. Sasa kuna mtu anadanganya ili aonekane mjinga?" Nilikuwa mwalimu wake, lakini hilo lilinipita, yeye ndiye aliyenifundisha. Nikamwuliza kama amemwambia baba yake hivyo. Akasema amemwambia, na baba yake amejibu kwamba binti anayetaka mume husikia vizuri kupita kiasi.

Haikupita muda, likaja jambo ambalo hata sasa nikilifikiria nacheka peke yangu. Wilayani walikuwa wakitafuta walimu wanawake wa kwenda Ujerumani ya Mashariki kwa ujumbe wa urafiki, wakaone shule za chekechea na viwanda. Jina langu likachaguliwa. Na katika ratiba, siku za mwisho zilikuwa za mapumziko, kwenye nyumba ya wafanyakazi iliyopo ufukweni, mji wa Warnemünde.

Habari ilinitangulia kufika. Mzee alikuja shuleni, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya, akasimama nje ya dirisha la darasa langu, mguu mmoja umeegemea fimbo. Nikatoka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unakwenda kule kwa muongo wetu."

"Nakwenda, Mzee."

"Utayaona hayo maji?"

"Mungu akipenda nitayaona."

"Ukirudi utaniambia mimi. Siyo yeye kwanza. Mimi kwanza. Ukisema yalisimama, binti ni wake." Akaondoka, na ng'ombe wake walikuwa wamekula maua ya shule yote.

Jioni hiyo Bwana Samaki alikuja mlangoni kwangu, kavaa sweta. Nilidhani amekuja kunibembeleza. Aliniuliza swali moja tu, tunakwenda mwezi gani. Nikamwambia wa saba. Akakaa chini kwenye ngazi. "Mwezi wa saba bahari yao ni maji tu," alisema, "kama haya ya Basotu." Nikaanza kusema kwamba tutaangalia la kufanya, kwamba mtu anaweza kueleza kwa namna fulani. Akanikatiza, na ndiyo mara pekee aliyonikatiza. "Hapana, Mwalimu. Usiniokoe. Sema utakachokiona."

Sitasimulia ndege, wala viwanda, wala viazi tulivyolishwa. Nitasema tu kwamba tulifika Warnemünde asubuhi yenye upepo, mimi nimevaa vitenge viwili na sweta na bado meno yanagongana, na hiyo ndiyo iliyoitwa kiangazi chao. Kitu cha kwanza nilichokiona tulipotokea mchangani ni matenga. Yote yapo. Mistari kwa mistari, yamesukwa, yana paa, yana mistari ya rangi ndani, na watu wawili wawili wamekaa wakiupa kisogo upepo na kulielekea jua. Nilicheka kwa sauti mpaka mkalimani wetu, binti wa Kijerumani aliyesomea Kiswahili chuoni, akaniuliza kama naumwa. Niliingia kwenye moja nikakaa. Upepo ukanyamaza. Joto likaja kifuani. Upande wangu wa pili ulikuwa mtupu, na nikamfikiria yule Mkerewe mwaka mzima anakaa humu na upande wa pili mtupu, na machozi yakanilengalenga, wala sioni haya kusema.

Nilikwenda kwenye mfereji wa bandari ambako mashua za uvuvi zimefungwa, wanawake wanauza samaki wa moshi juu ya mashua zenyewe. Harufu ile ile ya uani kwetu. Nilionyeshwa samaki mbichi wa siki. Nilimkimbia, nami pia. Nikauona mnara wa taa, na meli kubwa ikipita karibu na nyumba za watu hadi unadhani itaingia sebuleni. Kila kitu alichosema kilikuwa pale, kimetulia, kinaningoja. Isipokuwa kimoja. Bahari ilikuwa inatembea. Nilikwenda kuitazama asubuhi, mchana na jioni, kama vile ingeweza kunihurumia, nayo inakuja na kurudi, inakuja na kurudi.

Siku ya mwisho nilikwenda kutembea na mkalimani, kichwa changu kimejaa Mzee na fimbo yake. Tukaongea, tukaongea, mimi sitazami mbele. Kibao nilikipita. Niliponyanyua macho, nilikuwa nimefika.

Nawaambia ukweli, mimi mtoto wa Tlawi, niliyelelewa kupiga goti kwa kila mwenye mvi. Wazee wale walikuwa wengi, na karibu yangu kabisa alikuwepo mmoja mwenye kifua cha mvi, amekaa juu ya taulo anamenya yai. Sikufikiri. Mwili wenyewe ulifikiri. Niligeuka nikautazama mji, goti likakunjika, na mdomo ukasema, "Shikamoo."

Upepo tu. Nikasikia mkalimani anaziba kicheko.

Kisha nyuma yangu, sauti ya mzee, nzito, ile "r" inatokea kooni kabisa: "Marahaba."

Nilidhani nimeota. Halafu sauti ya bibi kutoka pembeni: "Marahaba." Na mwingine mbali kidogo, huyu anacheka: "Marahaba." Wakaitikia kama darasa la kwanza, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimesimama nawapa mgongo, machozi yanatiririka hadi kidevuni.

Mkalimani akawauliza, mimi sigeuki. Mzee wa yai akaeleza, na kumbe ndiye yule fundi mwenyewe. Alisema walikuwa na mwanafunzi mmoja kutoka Afrika, mtu wa samaki. Jumapili ya kwanza alikuja na suti, akageuka, akasema neno hilo, na hakuondoka. Walidhani amepoteza kitu. Akabaki amesimama vile vile na mgongo wake, akisema kwa Kijerumani chake kibovu kwamba ametoa salamu na haijaitikiwa, ataondokaje. Akawafundisha jibu, bado amewapa mgongo. Wakaitikia, ndipo akaenda zake. Jumapili iliyofuata akarudi, akija kinyumenyume, na iliyofuata, hadi mvua za baridi zilipowafukuza wote. Fundi akauliza, "Je, bado anatembea kinyumenyume?" Akasema pia kwamba ndiyo, baridi ile bahari iliganda, na kijana yule alitambaa juu yake kama mtoto mchanga huku akimvuta koti.

Nilirudi nyumbani na neno hilo, lakini nililijua lilivyo. Barafu niliambiwa. Sikuwepo.

Mzee aliningoja ziwani, mchana, ng'ombe wamezama magoti wanakunywa. Wazee wenzake watatu walikuwa pale, na binti kashika kibuyu cha maziwa, hatazami mtu. Bwana Samaki alikuwa kwenye mapipa yake, anapanga kuni ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Yamesimama?"

Kuni ziliacha kugongana. Nikasema, "Hapana, Mzee. Yanatembea. Nimekwenda wakati wa joto lao. Ya kusimama niliambiwa na mzee wa huko, sikuwepo."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, bila ubaya. "Basi," alisema, na akaanza kuinua fimbo. Binti alikiweka kibuyu chini.

"Lakini kuna ambalo nilikuwepo," nikasema.

Na hapo, mbele ya wazee wanne wa kiume, mimi mwalimu mwanamke, nikaisimulia. Kibao, yai, mgongo, goti. Uso wangu ulikuwa unawaka moto. Sikuacha kitu. Nilipofika kwenye marahaba, Mzee aliteremsha fimbo.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Walikuwa uchi?"

"Kama walivyozaliwa, Mzee."

"Na wakaitikia?"

"Wote. Aliwafundisha yeye, amewapa mgongo. Alikataa kuondoka mpaka waitikie."

Mzee alianza kutikisika mabega. Nilidhani anakohoa. Kumbe anacheka, na alicheka hadi akashika bega la mwenzake, na wenzake wakacheka, na ng'ombe wakanyanyua vichwa kutazama kuna nini. Alipopata pumzi alijifuta macho kwa pembe ya shuka, akasema kwa Kiswahili chake cha maneno machache, "Mtu amekuta wazee wa watu katika uchi wao. Hakuwatazama. Na hakuwanyima salamu. Huyo amelelewa." Akaelekeza fimbo kwenye mapipa ya moshi. "Uongo hauwezi kumpata huyo."

Mwenzake mmoja akauliza, "Na yale maji?"

"Yale maji ng'ombe wangu hawayanywi," Mzee akasema. "Yaacheni huko huko."

Bwana Samaki alikuwa amekaa juu ya kuni zake, mikono imefunika uso. Binti alimpelekea kibuyu. Hakuziba pua, na hilo nililiona kwa macho yangu.

Walioana baada ya mavuno. Kitu cha kwanza alichokifanya Bwana Samaki ni kusuka tenga. Mafundi wa matete walimsaidia, wakimcheka, na lilipokamilika liliwekwa ukingoni mwa ziwa, lina paa, lina kiti cha watu wawili. Ila palikuwa na tatizo ambalo Wajerumani hawalijui. Mke wake asingeweza kukaa bega kwa bega na mume mchana kweupe huku baba yake anapita na ng'ombe. Haifai. Bwana Samaki akafikiri, akaligeuza tenga. Kule Vanamunde wanaupa upepo kisogo. Lake likaipa njia kisogo. Mzee akipita anaona tenga tu, hajui nani yumo, na hajawahi kuuliza, ingawa kila akifika hapo alikuwa akikohoa kwa heshima ili waliomo wajue.

Na mke wa Bwana Samaki, ambaye watu walimwita Mama Samaki, hajala samaki hata siku moja katika maisha yake. Perege hajawahi kupikwa katika nyumba ile. Bwana Samaki alikula huko huko kwenye mapipa, akanawa kwa majivu na limau, ndipo akaingia kunywa maziwa. Maofisa wa mkoa walipomtembelea walipewa maziwa, wakashangaa. Walipata watoto, nami nikawafundisha wote kusoma, na wote walijua kusema "Sikuambiwa, nilikuwepo" kabla hawajajua kuhesabu.

Mimi nilihamishiwa Maretadu, halafu nikastaafu nikarudi Tlawi. Miaka ikapita tunapeana salamu kwa watu wa malori. Kisha nikaanza kusikia mengine. Kwamba Bwana Samaki amezeeka vibaya. Kwamba anasahau, anawachanganya watoto wake, amekaa tu. Mwingine akaniambia nisisumbuke kwenda, hatanitambua. Nikajiambia, mama, hayo umeambiwa. Nikapanda gari la kwenda Basotu.

Nyumbani nilimkuta mjukuu, akaninyooshea kidole kuelekea ziwani. Nikashuka taratibu kwa fimbo yangu, magoti siku hizi hayataki mteremko. Tenga lilikuwa pale pale, si lile la kwanza, la ngapi sijui, paa limeinama upande mmoja, kisogo chake kwangu. Hakuna sauti ndani. Ng'ombe walikuwa wakinywa maji mbele, na sasa nilikuwa naogopa kuzunguka upande wa pili nikaone macho yasiyonijua.

Basi nikasimama nyuma. Nikalipa tenga mgongo, nikayatazama mashamba ya ngano, nikakunja goti kadiri lilivyokubali.

"Shikamoo, Bwana Samaki."

Upepo tu wa ziwani. Nikasikia bangili za shaba zikigongana, na mwanamke akinong'ona kitu. Kisha kicheko kikavu, kirefu, ninachokijua.

"Marahaba, Mwalimu," alisema. "Geuka tu. Leo tumevaa."